Kabati ya vioo

Ingia salo moja ya Kolwezi, utazame vyombo. Foteyi ile nzito ya mbao ni ya wakati wa Union Minière. Serikali ikatwaa kampuni mu 1967, foteyi ikabaki kwa baba. Kanape mupya imepita Kasumbalesa juu ya kamio. Vinapatana? Vinapatana, ukivitandikia vitambaa vya rangi moja. Mama zetu wanajua hiyo kazi.

Lakini kabati ya vioo, je? Mu 1993 wenzetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa. Walingoja treni siku nyingi kwenye gare, na vyombo walikuwa wameviuza kwa bei ya chini kabisa. Hata mimi nilinunua. Watoto wakiuliza kabati ilitoka wapi, ninawaambia jina la mwenyewe.