Kano: Maji Hupungua, Hofu Hubaki

Siku utakapozuru Kisumu, usile samaki ufuoni Dunga kisha ukageuza njia kurudi mjini. Panda matatu ya Ahero, mwendo wa kilomita 25 hivi kwa barabara ya kwenda Nairobi. Ukishapita Nyamasaria, tazama kushoto uone milima ya Nandi ilivyosimama kama ukuta. Kulia kwako ni tambarare iliyolala kama mkeka hadi ziwani: mashamba, ng'ombe, na udongo mweusi unaonata mvua inyeshapo. Hiyo ndiyo Kano.

Huko Ahero, shuka uutazame mto Nyando. Ukifika wakati wa kiangazi utajiuliza kama kweli mto huu ndio unaohamisha watu. Ndio huo. Nyando hukusanya maji ya milima ya Nandi, Tinderet na Londiani, kisha huyamwaga kwenye nchi isiyo na mteremko. Yakikosa pa kukimbilia, hutapakaa. Wala si lazima mvua inyeshe Kano kwenyewe. Jua laweza kuwaka Ahero mchana kutwa, na usiku mto ukaingia nyumbani kwa mvua iliyonyesha milimani.

Ndiyo sababu mtu wa Kano huishi akitazama mawingu ya mbali. Masika ikianza mwezi wa Machi, wengi hulala sikio moja likiwa mtoni. Wahenga walinena kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtoto aliyewahi kubebwa mgongoni usiku ndani ya maji aweza kuanza tena kukojoa kitandani akisikia ngurumo. Baba aliyepoteza ng'ombe na mpunga kwa usiku mmoja huwa bubu, au hukimbilia pombe. Mama hulalamikia kichwa na tumbo, akapewa dawa za maumivu, lakini hakuna amwulizaye analalaje. Huo si wazimu, wala hakurogwa mtu. Ni akili iliyozoea kukesha, ikashindwa kupumzika hata maji yakishapungua.

Kisha kuna maji ya ziwa. Mto huingia na kutoka, lakini ziwa likija hukaa. Kati ya 1961 na 1964, Ziwa Victoria, ambalo Waluo huliita Nam Lolwe, lilipanda kwa zaidi ya mita 2. Mwezi wa Mei 2020 lilifikia tena kiwango hicho, na Mei 2024 likakipita. Mwaka huo wa 2020, kando ya Ghuba ya Winam, nyumba, shule na mashamba yalikaa majini kwa miezi. Hata makaburi yalifunikwa.

Sisi wa mjini hupenda kuuliza, "Mbona watu hawa hawahami?" Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Waluo huzika wafu wao nyumbani, ndani ya boma. Kuhama ni kuwaacha baba na babu chini ya maji. Tena mafuriko hayo hayo huleta tope lenye rutuba, na kwa wengi shamba hilo ndilo mali yote waliyo nayo. Ukiuliza swali lile kwa dharau, unamwongezea mtu lawama juu ya msiba, naye huanza kujiona mjinga kwa kupenda kwao.

Basi ufanye nini ikiwa jamaa au mwanafunzi mwenzako ametoka huko? Mwaka wa 2011 Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa mwongozo ambao hata asiye daktari anaweza kuufuata. Una hatua tatu. Kwanza, tazama: je, yu salama, amekula, ana blanketi? Pili, sikiliza, bila kumlazimisha asimulie na bila kumkatiza kwa "yamekwisha, sahau." Tatu, mwunganishe na jamaa zake, na wanaotoa misaada, au na kliniki.

Wengi hupata nafuu wakiwa na watu wao karibu. Lakini huzuni au kukosa usingizi kukizidi wiki mbili, kazi au masomo yakakwama, mpeleke hospitalini kama ambavyo ungempeleka mwenye malaria. Akisema afadhali afe, usimwache peke yake, na apelekwe siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo, msomaji, masika ijayo usingoje kuona picha za mafuriko gazetini ndipo ukumbuke Kano. Ukisikia kumenyesha Nandi, mpigie simu shangazi yako aliye Ahero. Umwulize kwanza jinsi alivyolala, kisha umpe nafasi ajibu.