Mistari ya Mkaa

Mwaka nilipojua kuhesabu vizuri niliianza Kwaresima kwa kipande cha mkaa. Kila jioni nilichora mstari mmoja kwenye ukuta wa jiko la bibi, kule Kilema, juu ya mafiga. Padri alikwisha kutuambia kwamba siku ni arobaini. Mstari wa arobaini uliangukia Jumapili ya Matawi. Nikatoka mbio na tawi langu mkononi, nikamfuata bibi migombani alikokuwa akikatia ng'ombe majani, nikamwuliza kama nyama ya Pasaka itachinjwa kesho.

"Mjukuu wangu, umehesabu na Jumapili," akasema. "Jumapili ni za Bwana, hazimo. Bado siku sita."

Nililia pale pale migombani.

Kwaresima ya Kilema ilikuja na masika. Njia ya kanisani iligeuka utelezi, ukungu ukashuka mpaka kwenye migomba, na mahindi ya ghalani yalikuwa yamebaki chini, kwa sababu mapya ndiyo kwanza yanapandwa kule tambarare. Kufunga kwetu hakukuwa mbali na kukosa. Hata hivyo, kila mara kabla ya kusonga ugali, bibi alichota konzi moja ya unga akaitia katika kifuko kilichoning'inia darini. Juma Kuu kifuko kiliposhushwa kilikuwa kimejaa, naye alikipeleka usiku kwa mama mmoja mjane, akakiacha mlangoni. Babu aliacha mbege. Wenzake walipopita jioni wakielekea kilabuni aliitikia salamu zao, akabaki kwenye kigoda chake barazani akiitazama mvua mpaka giza linaingia. Tangu mwaka 1966 Papa Paulo wa Sita alikuwa amezipunguza siku za lazima za kufunga zikabaki mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Bibi alilijua hilo. Alisema kilichopunguzwa ni lazima, hiari hakuna aliyeipunguza.

Mimi nilikuwa na mistari yangu. Niliona misalaba ikifunikwa vitambaa vya zambarau, nikasikia kengele zikinyamaza tangu Alhamisi Kuu na mbao zikigongwa badala yake, na yote hayo kwangu yalikuwa na maana moja tu: nyama imekaribia.

Niliondoka Kilema, bibi na babu wakafariki, nikawa mtu wa Dar es Salaam, na mkaa ukageuka daftari. Niliandika nilichoacha: nyama, soda, sukari kwenye chai. Siku niliyoshinda bila kuteleza niliiwekea alama. Najua sasa kwamba miaka hiyo nilikuwa mtu mgumu kukaa naye. Nilimnunia mwenzangu wa kazini aliyekula mishkaki siku ya Ijumaa, nikaacha kumsalimia hadi Pasaka. Ijumaa ya kwanza baada ya Majivu kanisani husomwa sura ya 58 ya Isaya, pale Mungu anapoukataa mfungo wa watu wanaofunga huku wakigombana. Niliisikia kila mwaka, na sikudhani hata mara moja kwamba nasemwa mimi.

Mwaka 2024 kazi ilinipeleka Tanga. Nilipanga chumba Ngamiani, katika nyumba ya Kiswahili yenye ua mmoja, na mwenye nyumba alikuwa bi mkubwa, Mwislamu, mjane. Ramadhani iliingia mwezi Machi, Kwaresima ikiwa juma la nne. Jioni nikirudi nilimkuta uani. Muhogo wa nazi umeiva, uji wa pilipili manga umefunikwa kawa, tende tatu ziko kwenye kisahani mbele yake. Zimebaki dakika kumi hivi, naye hazijazi kwa kitu chochote. Hashiki simu, haulizi saa. Mikono iko mapajani, midomo inacheza taratibu, anangoja adhana.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nawe si umefunga? Vuta kigoda tungoje."

Nikavuta. Jioni ya kwanza zile dakika kumi zilinielemea kuliko nyama yote niliyopata kuiacha. Nilitaka niwe na cha kuandika, cha kuhesabu. Jioni ya nne au ya tano nikamkumbuka babu barazani, na ile mvua. Miaka yote nilidhani alikuwa anaikosa mbege yake. Nikajiuliza alikuwa anamngoja nani, mtu mzima yule, kimya kile. Daftari la mwaka ule sikulimaliza.

Ijumaa Kuu nilitoka kwenye ibada ya saa tisa nikarudi moja kwa moja kwenye kigoda changu. Hatukusema mengi.

Pasaka ilikuwa tarehe 31 Machi. Nilipika pilau ya nyama asubuhi baada ya Misa, harufu ya bizari ikajaa ua mzima, na yeye amefunga. Nikaifunika sufuria, nikaiacha jikoni.

"Leo sikukuu yako," akaniambia mchana. "Kula mwanangu, usiningoje mimi."

Nikamwambia Jumapili haimo katika hesabu, basi haina haraka. Hakunielewa, akacheka. Jua liliposhuka nikaipasha moto pilau, nikaleta sahani mbili na kuketi mahali pangu. Alikuwa amekwisha kushika tende yake. Akachukua ya pili, akaniwekea kiganjani, tukanyamaza tukisikiliza upande wa msikitini.