Mgeni wa Usiku Machakos

Mji wa Machakos umekaa chini ya vilima vya Iveti, na ng'ambo ya vilima vya Mua nchi yashuka hata mbuga za Athi. Huko ndiko kwao bweha mwenye mgongo mweusi. Taa zikiisha kuzimwa, hufuata makorongo na matuta ya mashamba, akafika uani.

Hakuja kupigana na mtu. Atafuta panya, matumbo ya kuku yaliyotupwa ovyo, matunda yaliyoanguka na, akikuta mlango wazi, kuku wenyewe. Kumtegea sumu ni kazi bure, tena ni hatari: mbwa wa jirani aweza kuila kwanza. Afadhali taka zifukiwe, na banda la kuku lizungushiwe wavu na kutiwa komeo imara.

Shauri jingine ni bweha ajaye mchana kweupe, akipepesuka, asiogope watu. Huyo asikaribiwe, huenda ana kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ulijulikana Kenya tangu 1912, na Machakos imewekwa miongoni mwa kaunti za kwanza katika mpango wa serikali wa 2014 wa kuukomesha kufikia 2030. Aliyeumwa huosha jeraha kwa sabuni na maji mengi dakika 15, kisha huenda hospitali siku ile ile kuchanjwa. Dalili zikiisha kutokea, ni nadra mno mtu kupona. Mbwa wa nyumbani naye achanjwe kila mwaka, kwani ndiye akutanaye na bweha gizani, wenyewe wamelala.