Ukingo wa Tao Nene

Wembamba wa mstari huficha aibu nyingi. Unene huzitoa nje. Ndivyo ilivyo katika uandishi wa programu za kuchora. Tao likiwa jembamba, jicho huridhika nalo. Likinenepeshwa, pembe hutokea mahali pa mviringo, na ukingo wa ndani hujikunja ovyo.

Mwanafunzi hudhani kuwa kompyuta imekosea, kumbe asili ya kosa ni kongwe kuliko kompyuta. Gari likikata kona, gurudumu la nje huenda mwendo mrefu kuliko la ndani. Njia zao ni jirani, lakini si nakala. Kingo za tao nene ni vivyo hivyo. Matao ambayo Paul de Casteljau aliyatafutia njia katika kampuni ya Citroën mwaka 1959, na ambayo leo huitwa kwa jina la Pierre Bézier wa Renault, huelezwa kwa milinganyo myepesi. Kingo zake kwa kawaida hazielezeki kwa milinganyo ya namna ile ile. Mchoraji hana budi kukadiria.

Kukadiria si dhambi. Dhambi ni kupima kitu kimoja na kuahidi kingine. Aghalabu programu hukata tao katika vipande vilivyonyooka, na huchagua idadi yake kwa kutazama mstari wa katikati. Chukua robo ya duara yenye nusu kipenyo cha nukta 10, iliyokatwa vipande 4. Kosa lake halifiki nukta 0.2, wala jicho halilioni. Upe mstari huo unene wa nukta 80: ukingo wa nje hupata nusu kipenyo cha nukta 50, na kosa hukua mara tano, likakaribia nukta nzima. Ndani ni vibaya zaidi: nusu ya unene, yaani 40, imezidi nusu kipenyo, basi ukingo huvuka kitovu na kugeuka kinyume.

Kwenye kioo kosa hili huudhi jicho tu. Lakini hesabu ya namna hii huongoza pia mashine za kukatia chuma, na huko kosa huharibu kazi. Dawa yake ni kupima kosa ukingoni, na kuongeza vipande kadiri unene unavyozidi. Mstari wa katikati haumwonekani mtu yeyote. Kinachoonekana, na kinachohukumiwa, ni ukingo.