Kasa wa Jarife

Jarife ni wavu: hutegwa magharibi, chubwi zikalivuta chini, likaachwa hadi alfajiri. Ndivyo wazee wetu wa Watamu walivyovua papa, na ndivyo kasa wengi walivyokufa. Kasa hana matamvua. Sharti apande juu avute pumzi. Akitulia anaweza kukaa chini saa kadhaa, ila akinaswa hupigana, na pumzi humwishia upesi. Tena husukuma mbele na kujiviringisha, uzi ukazidi kumkaza mapezi.

Utotoni mwangu kasa aliyepanda na wavu alikuwa kitoweo, na mafuta yake dawa ya kifua. Baba alimwita riziki.

Mwaka 1997 kikaanzishwa kikundi cha Watamu Turtle Watch. Baada ya kulinda viota, kikawafuata wavuvi: ukimnasa kasa usimchinje, tuite, tutampima, tutamtia kibati chenye namba pezini, tumrudishe baharini, nawe utapata pesa kidogo za muda wako. Dikoni palizuka manung'uniko, na yalikuwa na haki. Pesa zile hazikufikia bei ya nyama, wala hazikulishona jarife lililochanika.

Kilichomgeuza baba hakikuwa pesa. Zamani kasa aliyelegea alihesabiwa mfu, na asiyemtaka alimtupa majini. Kumbe mara nyingi amezimia tu, na akirudishwa baharini hali hiyo ndipo anapozama kweli. Wavuvi wakafundishwa wamlaze kifudifudi, wamwinue upande wa nyuma maji yatoke mapafuni, wamtie kivulini na kumfunika kitambaa kibichi. Huenda akahitaji saa nyingi, hata siku nzima. Baba alimweka mmoja hivyo chini ya mkwaju wetu, bila matumaini. Alasiri akainua kichwa, akavuta pumzi kwa kishindo tukashtuka sote. Tangu hapo baba akawa anaamka usiku kulikagua jarife, na kasa aliowakuta wangali hai wakaongezeka.

Siku hizi ndugu zangu hukipigia kikundi simu wangali baharini. Lakini kumwokoa aliyekwisha kunaswa ni nusu ya kazi; nusu nyingine ni kumzuia asinaswe. Huko Peru, katika ghuba ya Sechura, nyavu zilizofungwa vitaa vya kijani zilinasa kasa pungufu kwa takriban asilimia 64, na samaki waliokusudiwa hawakupungua. Vitaa hivyo navitaka kwetu Watamu, na visinunuliwe kwa mfuko wa mvuvi wa ngalawa ambaye hata uzi wa kushonea wavu anaukopa.