Kompaundi na Polishi Usizichanganye



Kabla hujapanda matatu kwenda kazini asubuhi ya leo, nipe dakika tano. Nataka nikueleze kosa nililofanya nikiwa kijana wa gereji, na jinsi nilivyolirudia nikiwa mchungaji.

Wengi mnanijua kwa mimbari. Wachache wanajua kwamba kabla ya mimbari nilikuwa mpiga polishi katika gereji moja ya jua kali kule Nakuru. Fundi wa bodi akishanyoosha bati, na fundi wa rangi akishapiga sprei, gari lilikuja kwangu ling'arishwe. Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa mwisho kabla mwenye gari hajaliona.

Kama hujawahi kufanya kazi hii, sikia jinsi inavyokwenda. Kompaundi ni kama uji mzito wenye punje za kukwaruza. Kazi yake ni kula. Inapunguza ile klia, tabaka la juu lisilo na rangi, mpaka mkwaruzo upotee. Lakini kompaundi nayo huacha mikwaruzo yake midogo, kama ukungu. Kwa hiyo unafuta kabisa, unabadilisha pedi, kisha unaingia na polishi, ambayo punje zake ni laini zaidi, uondoe ule ukungu. Mwisho unapaka nta ya kulinda. Nta haiondoi mkwaruzo wowote. Kila hatua na pedi yake, kila hatua na kitambaa chake.

Basi, Ijumaa moja jioni tuliletewa gari la mzee mmoja aliyekuwa anamwoza binti yake kesho yake. Gari la bluu nyeusi, ile rangi ya kumetameta. Boneti ilikuwa na mikwaruzo mingi. Saa zilikuwa zimeenda, na mimi nilikuwa na haraka zangu. Nikajiambia: kwa nini nifanye mara mbili kitu ninachoweza kufanya mara moja? Nikamimina kompaundi nusu na polishi nusu katika mkebe mmoja, nikakoroga, nikawasha mashine.

Mpendwa, gari liling'aa! Chini ya lile paa la mabati, kwa mwanga wa balbu moja, ungeweza kuchana nywele ukijiangalia kwenye boneti. Mzee alifurahi, akaniongeza kitu kidogo mkononi.

Kesho yake jua la Nakuru likatoka. Gari likasimama mbele ya kanisa na maua yake, na boneti nzima ilikuwa imejaa duara juu ya duara, kama utando wa buibui. Watu walikuja kupiga picha, wakaishia kuuliza gari limefanywa nini. Yule mzee hakusema neno siku hiyo. Jumatatu alilileta.

Fundi mkubwa hakunipigia kelele. Alichukua kitambaa safi, akakilowesha kwa spiriti, akafuta boneti. Yale mafuta ya polishi yakatoka, na hata ile mikwaruzo ya zamani niliyodhani nimeimaliza ikaonekana. Ilikuwa imefunikwa tu. Akaniambia, "Kijana, punje kubwa haigeuki ndogo kwa sababu umeilaza karibu na ndogo."

Nilielewa. Nilidhani nikichanganya kali na laini nitapata kitu cha katikati. Sivyo. Ile punje kubwa ilibaki kubwa, ikaendelea kuchora kila mahali ambapo polishi ilijaribu kulainisha. Nayo polishi, kwa mafuta yake, ikaifanya kompaundi iteleze isile vizuri. Zikaharibiana kazi. Ziko chupa za dukani zinazofanya kazi zote mbili kwa pamoja, lakini hizo zimepimwa na waliozitengeneza. Mkebe wangu ulipimwa na haraka.

Sasa njoo nawe kwenye jambo lililonifanya niandike.

Baba yetu alipofariki alituachia ploti ndogo, mimi na mdogo wangu. Niliiuza. Fungu lake nikalitumia. Unajua nililitumia kwa nini? Kulipa ada ya chuo cha Biblia. Nikajiambia ni kazi ya Mungu, ataelewa.

Kwa miaka mingi niliichanganya ile kompaundi na polishi. Nilimpigia simu nikamwombea. Nilimtumia mbuzi wa Krismasi. Nikigusia ile ploti, niliigusia katikati ya maombi, haraka haraka, pamoja na "tusameheane tu, sisi ni damu moja." Nilitaka toba na faraja viingie kwenye kitambaa kimoja, dakika moja, tumalizane. Na kwa mwanga mdogo uhusiano wetu uling'aa. Watu walisema, tazameni Pasta na ndugu yake.

Halafu mama akafariki. Siku ya mazishi, mbele ya watu wote, nilimkumbatia mdogo wangu. Akaniinamia sikioni akasema polepole, "Pasta, na ile pesa?"

Jua lilikuwa limetoka.

Angalia jinsi Mungu alivyomshughulikia Daudi katika 2 Samweli 12. Nathani hakuja na lawama na pole katika sentensi moja. Alimwambia kwanza alichofanya, kwa uwazi, bila kulainisha. Daudi akakiri. Baada ya kukiri, ndipo nabii akamwambia kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake. Na Zakayo, Luka 19, hakusema "kama nimemkosea mtu yeyote anisamehe" halafu akaketi mezani. Alitaja mali, akataja mara nne.

Nami nikaenda kwa mdogo wangu. Safari hii sikuanza na neno wala wimbo. Nilitaja mwaka, nikataja kiasi, nikataja nilichokifanyia. Nikanyamaza. Aliniangalia muda mrefu, akasema, "Nimesikia." Basi. Hakunikumbatia, na sikumwomba anikumbatie. Nilimrudishia kidogo kidogo kwa M-Pesa, miezi kumi na minne. Zilipokwisha, hatukufanya sherehe. Ila Desemba iliyofuata simu yangu ililia. Ni yeye. Akauliza, "Mtakuja Krismasi, ama nisichinje?"

Mpendwa, polishi ilikuja kwa zamu yake.

Lakini usiondoke hapa ukachukua kompaundi ukaanza kusaga watu. Kuna jambo la pili lililotokea Nakuru. Tulipolirudia lile gari, mimi kwa hofu na aibu nikalikandamiza kwa mashine. Kwenye ukingo wa boneti, mahali ambapo klia huwa nyembamba zaidi, nikaila yote. Pakabaki baka lililofifia. Klia ya gari kutoka kiwandani mara nyingi huwa mikroni 35 hadi 50 hivi, nyembamba kuliko unywele wa kichwa chako. Ukishaimaliza, hakuna polishi ya kuirudisha. Ni kupiga sprei upya. Gharama ile ilikatwa kwenye mshahara wangu.

Ndiyo maana fundi mwenye busara huanza kwa kujaribu mahali padogo, na dawa iliyo laini kuliko zote. Ikitosha, anaishia hapo. Mzazi, mtoto wako ameshakiri, ameshalia, kwa nini unamsaga tena kila jioni? Na wewe unayejisaga kila Jumapili kwa dhambi uliyotubu zamani na kuitengeneza, zima mashine. Hatua hiyo imekwisha. Futa, badilisha pedi, pokea neema.

Leo nakuomba jambo moja. Yuko mtu unayemtumia salamu nzuri na mistari ya Biblia, na kati yenu kuna kitu hamjakitaja kwa jina lake. Weka salamu kando kwanza. Mwendee, utaje ulichofanya bila kuongeza "lakini na wewe." Kama ni pesa, taja kiasi. Kisha ngoja. Faraja itakuja kwa wakati wake, na ikija itadumu hata juani.

Tuombe. Baba, tupe ujasiri wa kusema kweli kabla ya kusema maneno matamu. Utuonyeshe tulipofunika badala ya kutengeneza. Na walio wembamba mikononi mwetu, tusiwamalize. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama una jina la mtu moyoni sasa hivi, usiliandike hapa. Andika tu Amina, halafu mpigie. Nitakuwa nakuombea.