Deni Lako Limenifikia Mimi

Makanyagio, Mpanda
Jumapili, 9 Machi 2025

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo. Baba yako mguu bado unamsumbua lakini anafika shambani, mdogo wako wa kidato cha nne amerudi shule, mvua ni za kutosha na mahindi mabichi yameanza kuingia sokoni. Mengine utayajua ukipiga simu, na hilo ndilo lililonishikisha kalamu, kwa sababu hupigi, na ukipigiwa hupokei.

Jumanne jioni nilikuwa mezani kwangu sokoni nageuza migebuka ya Karema, simu ikalia mlio wa ujumbe. Miwani niliiacha nyumbani. Nikampa yule mtoto wa muuza nyanya anisomee kama siku zote. Yuko darasa la tano, na akisoma anasoma kwa sauti ya darasani. Akasoma majina yako yote matatu. Akasoma kwamba unadaiwa shilingi 387,000, kwamba umekimbia deni, kwamba mimi ndiye mdhamini wako, na nisipokushauri ulipe picha yako itasambazwa. Wateja wawili walikuwa wamesimama pale na samaki mkononi. Mtoto alipofika katikati akapunguza sauti mwenyewe, bila kuambiwa. Yule mtoto ana adabu, Mungu amzidishie.

Usiku baba yako akaniambia na yeye ameupata. Mwalimu wako wa sekondari ameupata. Mwenyekiti wa jumuiya yetu ameupata, naye alinipigia si kwa kunisema, aliuliza tu kama u mzima. Sikuwa na jibu. Fikiria hilo: mtu anauliza kama mwanangu ni mzima, nami nasema nadhani.

Sikuandikii kukugombeza kwa sababu ya deni. Kijana wa mwenzangu wa VICOBA, anayetengeneza simu karibu na stendi, amenieleza mambo yanavyokwenda. Unapopakua programu zile na kubonyeza kukubali, unawapa orodha nzima ya watu waliomo kwenye simu yako. Unaomba 150,000, inaingia pungufu maana wameshakata chao, na siku saba zikiisha wanataka yote na riba juu. Huna, unapakua ya pili ulipe ya kwanza, kisha ya tatu ulipe ya pili. Watu wameiita mikopo hiyo kausha damu, na hawakukosea jina. Novemba iliyopita nilisikia redioni Benki Kuu imezitaja programu 69 zinazokopesha mtandaoni bila leseni. Sijui yako ni ipi kati ya hizo, au kama imo. Kijana huyo anasema pia ipo sheria ya mwaka 2022 ya kulinda taarifa za mtu, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko, kwa hiyo ujumbe wowote waliokutumia usiufute hata mmoja.

Nadhani ilikuwa kodi. Mwenye nyumba huko Dar es Salaam alitaka ya miezi sita kwa mkupuo, na kazi ya dukani ilikuwa haijakaa sawa. Ungesema. Unakumbuka tarehe 16 Novemba, ghorofa lilipoporomoka Kariakoo? Hapa tulikusanyika kwenye redio, baba yako hakuweza hata kukaa. Hazikupita dakika nyingi ukapiga, ukasema, "Shangazi, niko hai, nilikuwa mtaa wa pili." Tulilia wote. Siku kifo kilipopita karibu yako ulitukumbuka mara moja. Sasa imepita aibu tu, wiki tatu umenyamaza.

Na kuna jingine limenikosesha usingizi zaidi ya ule ujumbe. Mama mmoja wa Kawajense aliyerudi juzi anasema alikuona Manzese, kituo cha mwendokasi, akakuita kwa jina. Ukamtazama, kisha ukageuza uso na kujichanganya na watu. Labda hakuwa wewe. Naomba asiwe wewe. Lakini nilipoisikia habari hiyo mwili ulinisisimka, kwa sababu mambo haya nimeshayaona katika nyumba yetu, na ninyi watoto hamkuambiwa yote. Mliambiwa tu kwamba baba yenu mkubwa "aliishi Tabora".

Aliondoka hapa mwaka 1981. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na nimechaguliwa kwenda sekondari, msichana pekee katika darasa letu. Babu yako, Mkonongo halisi wa nyuki, alikuwa na madebe mawili ya asali aliyorina kule Inyonga. Akayauza, na fedha ile ikawa nauli na nguo za kaka. Akasema msichana atasubiri. Nimesubiri mpaka leo. Sisemi ili umchukie babu yako, lakini ujue kwa nini nilipokuwa nalipa ada yako kila risiti niliiweka kwenye kopo la maziwa, na ninazo bado, hakuna hata moja iliyopotea.

Reli hii ya kutoka Kaliua kuja Mpanda Waingereza waliijenga kwa ajili ya madini ya risasi ya mgodini. Mgodi ukafungwa, reli ikabaki kutuchukulia watoto. Kaka akapanda, akafika Dar es Salaam. Barua ya kwanza ikasema amepata ukarani bandarini. Ya pili ikasema atapandishwa cheo. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea bibi yako, kila barua mara tatu, na majirani wote wakajua kwamba mwanawe ni karani. Kumbe anasukuma mkokoteni Kariakoo na kulala barazani kwa watu. Kusukuma mkokoteni ni kazi. Angeandika hivyo, bibi yako angejivunia vilevile, namjua mama yangu. Lakini alikwishaandika karani, na kila barua iliyofuata ikalazimika kufanana na ile ya kwanza.

Mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi. Mjini wasio na kitambulisho cha kazi walikuwa wanakamatwa na kupelekwa mashambani. Karani wa bandarini asingekuwa na la kuogopa. Yeye aliogopa, akapanda treni ya bara bila kumuaga mtu. Alikuwa anarudi nyumbani, hilo aliniapia. Treni ilipofika Tabora akashuka kunywa uji akisubiri safari ya Mpanda, akajitazama: suruali ina viraka, mkononi mfuko wa nailoni, na nyumbani wanamngoja karani. Treni ya Mpanda ikaondoka yeye amekaa kwenye benchi. Akajiambia atapanda ya siku nyingine, akipata japo shati.

Alikaa Tabora miaka sita, mwanangu. Usiku mmoja tu wa treni kutoka kwa mama yake.

Na bibi yako kila siku ya treni alikuwa anajitwika kikapu cha viazi vya kuchemsha anakwenda stesheni. Alisema anauza. Mwanzoni aliuza kweli. Baadaye nikawa nakuta viazi vimerudi vyote, maana hakuwa akikaa na wenzake wala kutangaza. Alianzia behewa la kwanza akatembea mpaka la mwisho, dirisha kwa dirisha, mkono mmoja kwenye kikapu na mwingine umekunja pindo la kanga. Treni ikichelewa mpaka saa nane za usiku, alingoja mpaka saa nane za usiku. Wafanyakazi wa stesheni walimzoea, wakawa wanamwachia benchi moja. Nikimwambia mama pumzika, leo ni mvua, ananijibu, "Akifika kwenye mvua nani atampokea?"

Alifariki mwaka 1988. Siku ya kuanua matanga mzee mmoja mchuuzi wa samaki akasimama kuomba radhi mbele ya watu. Alikuwa amemwona kaka Tabora mara tatu, anaziba pancha za baiskeli jirani na stesheni, na kaka akamwapisha asiseme. Siri hiyo aliitunza miaka miwili, akipita mbele ya kikapu cha bibi yako na kumsalimu. Nilitaka kumrukia. Mpaka leo sijamsamehe vizuri, na kila Kwaresima nalipeleka hilo kwenye kitubio.

Kaka alikuja mwaka uliofuata. Nilimkuta makaburini asubuhi, anang'oa majani kwa mikono. Hakunisalimu. Akaniuliza, "Vile viazi vilikuwa vyeupe au vyekundu?" Nikamwambia vyekundu. Akaendelea kung'oa. Aliishi nasi miaka kumi na miwili zaidi, mtu mpole, fundi mzuri wa baiskeli, lakini siku ya treni ukimtafuta nyumbani humpati.

Ndiyo maana niliposikia umegeuza uso kituoni sikuuliza unadaiwa kiasi gani.

Mtu hafi njaa Dar es Salaam akiwa na watu wanaojua chumba chake. Mji ule una watu zaidi ya milioni 5 kwa sensa ya 2022, wengi wao walishuka kwenye basi au treni na begi moja kama wewe, na wakajenga maisha. Hawakujenga kwa kujificha. Najua unavyowaza: nilipeleka picha ya chumba kipya, nilimwambia shangazi mambo safi, sasa nitaanzaje. Anza hivyohivyo. Sema tu, shangazi, yale niliyokuambia hayakuwa hivyo. Mimi sitasoma barua zako mara tatu kwa majirani.

Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ajue chumba chako kina mtu na mtu huyo ana kwao. Tafuta jumuiya, nimekwisha kukuambia hilo mara mbili. Mnasali nyumba kwa nyumba, na usipoonekana wiki mbili atakuja mtu kugonga mlango. Msiba wa jirani usikupite, hata kama marehemu hukumjua. Maji chemsha. Mwanamume atakayejitolea kukulipia deni mwambie limekwisha kulipwa, na kweli litakuwa limelipwa, nitakueleza sasa hivi.

Ijumaa tulikuwa na kikao cha VICOBA. Unalijua sanduku letu, lile la bati la bluu lenye kufuli tatu na funguo kwa wanawake watatu, hakuna anayelifungua peke yake. Nimekuwa mweka hazina miaka kumi na mmoja, haijapotea hata shilingi. Nikaomba mkopo kwenye hisa zangu, 200,000. Katibu akauliza, kama anavyowauliza wote, ni wa shughuli gani. Ningeweza kusema samaki. Nikasema ni wa mwanangu aliye Dar es Salaam, amekopa kwenye simu na amezidiwa. Wanawake kumi na tisa wananisikiliza. Kimya kidogo, kisha mama mmoja akasema wa kwake yuko Mwanza, hajapiga tangu Krismasi. Mwingine akasema yeye ujumbe wa namna hiyo alitumiwa mwaka jana, akaufuta asimwambie mtu. Tulichelewa kufunga kikao. Sanduku lilikaa wazi muda mrefu na hakuna aliyekuwa analitazama.

Fedha hiyo sijaiweka kwenye simu yako na sitaiweka mpaka nisikie sauti yako. Chukua karatasi uandike ulikopa wapi na wapi, na kila mahali kiliingia kiasi gani, si wanachodai, kilichoingia. Hicho ndicho tutakachoanza nacho. Ule ujumbe niliosomewa na mtoto utaupeleka kwenye Tume, nimeutunza.

Ukitaka kurudi, rudi. Siku hizi treni ya umeme inakufikisha Dodoma, na kutoka hapo unapanda basi la kupitia Tabora na Inyonga, njia ya lami. Ukitaka kubaki, baki, nami sitasikitika. Wewe ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kwenda mbali kwa akili yako mwenyewe na si kwa madebe ya asali ya mtu. Baba yako anataka urudi. Mimi sijasema hivyo, na usimwambie kwamba nimekuandikia haya.

Anayekuletea barua hii ni kaka yake muuza nyanya, anafuata mzigo Kariakoo. Ameelekezwa chumba chako mpaka rangi ya geti. Kwenye ndoo kuna migebuka kumi na miwili niliyoibanika mwenyewe, chupa ya asali ya Inyonga, na karanga za baba yako. Asali usiuze. Nimemwambia asikuachie barua akaondoka, asimame mpaka uimalize, kisha anipigie kwa simu yake na akupe uzungumze. Salio analo, nimemwekea.

Kwa hiyo ukifika hapa katika kusoma, yeye bado amesimama mlangoni na ndoo yake. Mkaribishe ndani, mpe maji. Mimi niko mezani kwangu sokoni, na miwani nimeifunga kamba shingoni.

Shangazi yako